Lori la Rimoti Huanzia Kwenye Chesisi

Ukitaka kujua kama lori la rimoti limeundwa na mtu anayejua kazi, lipindue. Kabini iliyong'arishwa, taa na maandishi ya nyuma ya bodi humvutia kila mpita njia, lakini fundi huonekana chini: reli mbili zilizolingana, ekseli zilizokaa mraba, nati zilizokaza, waya zilizofungwa zisiguse kinachozunguka. Yapo malori mengi mazuri kwa macho ambayo huvuta upande mmoja, hula meno ya giaboksi au huunguza mota. Ukichunguza utakuta mjenzi alianza na kabini, kisha ndipo akatafuta chesisi ya kuiweka chini yake. Mwongozo huu unakwenda njia nyingine. Tunaanza na tairi, tunapanda kwenye fremu, tunaweka ekseli, mota na umeme, tunalijaribu lori likiwa uchi, na bodi inakuja mwisho kabisa.

Mkono wa kazi hii tayari tunao. Watoto wa Afrika Mashariki wameunda magari ya waya na ya makopo, yenye tairi za ndala, vizazi na vizazi. Kinachoongezeka hapa ni vipimo, umeme, na nidhamu ya kupima mara mbili kabla ya kukata. Vifaa vyake si vya ajabu: msumeno wa chuma, tupa, drili, guni, jiliwa, chuma cha kulehemu waya, na kile kipima umeme cha mafundi redio.

Tutaunda lori la ekseli 2, linaloendeshwa kwa tairi za nyuma, kwa kipimo cha 1 kwa 14. Nimechagua kipimo hicho kwa sababu kampuni ya Tamiya ya Japani imekuwa ikiuza malori ya kuunganisha ya 1 kwa 14 tangu miaka ya 1990, na viwanda vingi vikafuata nyayo zake. Kwa hiyo ekseli, tairi na rimu za kipimo hicho ndizo rahisi zaidi kuagiza.

Tairi kwanza

Usikate hata kipande kimoja cha alumini kabla tairi hazijawa mkononi. Tairi ndiyo inayoamua kipimo cha lori zima, kwa sababu karibu kila kitu kingine unaweza kukiunda upya nyumbani ila tairi nzuri yenye rimu iliyonyooka ni kazi ngumu.

Nenda mahali malori yanapolala, usome ubavu wa tairi. Tairi nyingi za malori makubwa zimeandikwa 315/80 R22.5. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu ni 80 kwa 100 ya 315, yaani milimita 252. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi 22.5 ni milimita 571.5. Jumlisha rimu na ubavu mara mbili, unapata milimita 1,075.5. Gawa kwa kipenyo cha tairi yako ndogo. Kama tairi yako ina milimita 77, uko kwenye 1 kwa 14 kamili. Ikiwa na milimita 80, hesabu inatoa 13.4, na bado unaweza kujenga kwa 1 kwa 14 bila jicho kugundua. Ikiwa na milimita 65, acha kulazimisha. Jenga kwa 1 kwa 16.

Ukiwa hapo hapo, mwombe dereva akuruhusu kupima gari lake. Omba kwa heshima, mwambie unachotaka kufanya. Pima kwa futi ya mkanda umbali wa kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, upana wa gari kwenye tairi, upana wa chesisi kutoka nje ya reli moja hadi nje ya nyingine, na kimo cha reli kutoka chini. Andika kwa milimita kisha gawa kwa 14. Lori lenye mita 5 kati ya ekseli linakuwa na milimita 357. Upana wa mita 2.5 unakuwa milimita 179. Reli zilizoachana milimita 850 zinakuwa 61. Vipimo hivyo vinne vinatosha kuchora chesisi nzima.

Uzito nao una hesabu yake, na wengi hawaijui. Urefu unagawanywa kwa 14, lakini uzito unagawanywa kwa 14 mara tatu, yaani 2,744. Lori tupu la tani 8 linapaswa kuwa na kilo 2.9. Basi lenga kilo 3 hadi 4 pamoja na betri. Lori jepesi sana hurukaruka kwenye kokoto na kupoteza sura yake yote ya lori, na zito kupita kiasi hutesa giaboksi bure.

Kama tairi za kununua hazipatikani, ndala bado zinafanya kazi. Chagua soli ngumu, kata miduara mikubwa kidogo kuliko unavyotaka, gundisha miwili au mitatu kwa gundi ya viatu na uache usiku mzima chini ya jiwe. Toboa katikati, pitisha bolti yenye washa pana pande zote mbili, ifunge kwenye drili na uizungushe taratibu huku umeshika msasa mkavu bapa juu ya kipande cha mbao. Vumbi la mpira litaruka, kwa hiyo funga pua na mdomo. Endelea hadi gurudumu lisionyeshe kuyumba hata kidogo, kisha chonga michirizi kwa msumeno. Tairi hizo zinashika udongo vizuri kuliko za plastiki ngumu zinazokuja na magari ya kuchezea.

Fremu

Pita kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Kila karakana ina rundo la vipande vilivyobaki, na unachokitafuta ni mkanda wenye umbo la C au L wenye kimo cha milimita 20 na unene wa milimita 1.5 au 2. Boksi la 20 kwa 10 nalo linafaa, ila lina hila moja: ukikaza bolti, kuta zake zinabonyea na nati hulegea baada ya safari chache. Dawa yake ni kuchonga kipande cha mbao ngumu kinachoingia ndani ya boksi kwa kubana, ukakiweka kila mahali bolti itakapopita.

Kata reli mbili za urefu sawa, kisha fanya jambo ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote katika kazi hii: zibane pamoja, mgongo kwa mgongo, uzitoboe kwa mkupuo mmoja. Ukipima na kutoboa kila reli peke yake, hata mkono wa fundi stadi utakosea nusu milimita hapa na nusu pale, na ekseli yako itakaa kimshazari. Zikitobolewa pamoja, kosa lolote linakuwa sawa pande zote mbili na lori linakwenda mbele. Piga alama kwa ncha ya msumari mgumu kabla ya drili ili biti isiteleze. Kwa bolti za milimita 3, tumia biti ya 3.2. Toa makali ya kila tundu kwa biti kubwa iliyoshikwa kwa vidole.

Weka mihimili ya kuvuka 4 au 5: mmoja mbele kabisa, mmoja juu ya ekseli ya mbele, mmoja katikati wa kubeba giaboksi, mmoja juu ya ekseli ya nyuma, na wa mwisho mkiani. Funga kwa bolti, si kwa kulehemu. Malori makubwa yenyewe yamefungwa kwa riveti na bolti ili fremu ijipinde kidogo bila kupasuka, na wewe una sababu ya ziada: utaifungua fremu hii mara nyingi. Tumia nati zenye mduara wa plastiki ndani, ambazo mtikisiko hauzilegezi.

Kabla ya kukaza kabisa, pima mishazari miwili: kutoka kona ya mbele kushoto hadi nyuma kulia, na kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba. Vikitofautiana zaidi ya milimita 1, sukuma kona ndefu kwa mkono, pima tena, ndipo ukaze. Kisha ilaze juu ya kioo au kigae kilichonyooka. Kona ikichezacheza, fremu imepinda. Inyooshe sasa, kwa sababu springi haziwezi kurekebisha fremu iliyopinda.

Ekseli ya mbele

Hapa una njia mbili. Ya kwanza ni springi za mabamba. Ule ukanda wa chuma unaofungia mizigo ya viwandani ni malighafi nzuri sana: una unyumbufu, haukatiki upesi, na hutupwa ovyo. Ukate upana wa milimita 8, ukunje upinde mdogo, panga mabamba matatu yenye urefu tofauti, la refu juu, uyafunge katikati. Upande mmoja wa springi uwe umefungwa kwenye pini, na upande mwingine uwe na kishikio kinachobembea, maana springi ikinyooka hurefuka na lazima ipate pa kwenda.

Njia ya pili ni rahisi zaidi, na kwa lori la kwanza mimi naipendekeza: acha springi za mbele, ufunge ekseli kwa bolti moja katikati ili iweze kuinuka kushoto au kulia, kama ilivyo kwenye matrekta mengi. Tairi zote 4 zitagusa ardhi hata kwenye mashimo, na hakuna springi ya kusawazisha.

Usukani ndio unaotenganisha lori na kisanduku chenye magurudumu. Gari linapokata kona, gurudumu la ndani hupita kwenye mduara mdogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima likunje zaidi. Kanuni hiyo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1818 na Rudolph Ackermann kwa niaba ya Georg Lankensperger wa Munich, aliyeibuni kwa ajili ya magari ya farasi, na jina la Ackermann ndilo lililobaki. Kuifanya nyumbani kunahitaji kalamu na rula tu. Chora chesisi kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, ukiitazama kutoka juu. Piga mstari kutoka kingpini ya kushoto, yaani pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, hadi katikati ya ekseli ya nyuma, na mwingine kutoka kingpini ya kulia hadi pale pale. Mikono ya usukani inayoelekea nyuma ilale juu ya mistari hiyo.

Kwa mfano wetu, kingpini zikiwa zimeachana milimita 130 na mikono ikiwa na milimita 25, kila mkono utaingia ndani milimita 4.5 hivi, na tairodi, fimbo inayounganisha mikono hiyo miwili, itakuwa na milimita 121. Tengeneza tairodi yenye nyuzi pande zote mbili ili uweze kuirefusha na kuifupisha; waya wa spoku ya baiskeli, uliokatwa na kukunjwa vizuri, huanza kazi hiyo kwa heshima hadi utakapopata vichwa vya mpira.

Sevo, ile mota ndogo ya kugeuza usukani, ya ukubwa wa kawaida yenye gia za chuma, mfano MG996R ya gramu 55, inatosha kabisa. Iweke ili fimbo inayotoka kwake hadi kwenye mkono wa usukani iwe mlalo lori likiwa limesimama na uzito wake wote. Fimbo ikiwa imeinama, kila tairi inapopanda jiwe usukani utageuka wenyewe.

Nyuma: difu na nguvu

Sitakuambia uchonge gia za difu kwa tupa. Nunua ekseli ya nyuma yenye difu, au ing'oe kwenye gari kubwa la kuchezea lililokufa, na pesa zako nyingi ziende hapo. Iwe na gia za chuma na beringi za kweli, si bushi za plastiki. Kisha tafuta uwiano wake: zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja, huku ukihesabu shafti inazunguka mara ngapi. Ukishika gurudumu moja lisizunguke, jingine litakwenda mara mbili, na hesabu itakupotosha.

Tuchukue uwiano wa 2.5 kwa 1. Lori kubwa likienda spidi 80 kwa saa, ambayo ni kikomo cha malori makubwa Tanzania na Kenya, la kwako linapaswa kwenda kilomita 5.7 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Tairi ya milimita 77 husogea milimita 242 kwa mzunguko mmoja. Kilomita 5.7 kwa saa ni mita 95 kwa dakika. Gawa kwa 0.242, unapata mizunguko 393 ya gurudumu kwa dakika. Zidisha kwa 2.5: propela shafti lazima izunguke mara 980 hivi.

Sasa angalia drili ya betri ambayo betri yake imekufa. Kila karakana ya seremala ina moja kabatini. Ndani yake kuna mota imara na giaboksi ya gia za sayari yenye spidi 2, na kibandiko chake kinakuambia kila spidi inatoa mizunguko mingapi. Nyingi hutoa kama 400 kwenye gia ya chini na kati ya 1,000 na 1,500 kwenye gia ya juu. Drili ya volti 12, kwenye gia ya juu, ikibeba mzigo, inaangukia karibu na zile 980 tunazozitaka. Gia ya chini inabaki kwa ajili ya milima na matope. Drili ya volti 18 ukiilisha volti 12 itatoa theluthi mbili ya mwendo wake, na hilo pia linaweza kukufaa.

Ng'oa kasha, acha mota na giaboksi. Ile pete yenye namba inayoteleza drili ikizidiwa ifunge kwenye alama ya kutoboa, kisha izuie isigeuke. Ujue pia kwamba drili nyingi zina kifunga cha shafti: ukiachia mafuta lori litasimama papo hapo badala ya kuteleza, na mlimani halitarudi nyuma. Ibane giaboksi kwa vishikio viwili vya bati, kimoja mbele na kimoja nyuma, juu ya mhimili wa katikati. Shafti ya giaboksi na ile ya difu ziwe karibu kwenye mstari mmoja. Krosi za propela zivumilie kuinama kidogo tu, na krosi ya mbele na ya nyuma ziwe zimeelekezwa sawa, la sivyo utasikia mtetemo.

Je, nguvu inatosha? Lori la kilo 4 kwenye mlima wa nyuzi 20 linavutwa nyuma kwa kilo 1.37. Zidisha kwa nusu kipenyo cha tairi, sentimita 3.85, unapata kilo-sentimita 5.3 kwenye magurudumu, au 2.1 kwenye shafti. Giaboksi ya drili ina zaidi ya hapo mara nyingi. Hatari iko upande wa pili: mota hii inaweza kung'oa meno ya difu yako ikiwa gurudumu limekwama na wewe umekaza kidole. Ndiyo maana umeme wake lazima uwekewe mpaka.

Umeme

Tumia betri ya lithiamu polima (LiPo) ya seli 3, ambayo ni volti 11.1, yenye mAh 2,200 na alama ya 25C. Hiyo 25C maana yake inaweza kutoa ampia 55 bila kuumia, ilhali lori lako kwa kawaida litakula ampia 3 hadi 5. Ukitumia asilimia 80 tu ya chaji, utapata hadi nusu saa hivi ya kuendesha kwa utulivu. Wengine huchomoa seli za 18650 kwenye betri za kompyuta mpakato. Zinawezekana, lakini seli za kompyuta hazikuundwa kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla; za drili na baiskeli za umeme ndizo zinazofaa. Na usizilehemu kwa chuma cha moto moja kwa moja juu ya seli.

Kidhibiti mwendo kiwe cha mota yenye brashi, cha ampia 60, kinachokubali seli 3 na kinachorudi nyuma. Vile vya kawaida, mfano Hobbywing QuicRun 1060, vina jampa mbili ndogo: moja huchagua aina ya betri, nyingine hutawala breki na mwendo wa nyuma. Hakikisha ya betri iko kwenye LiPo, maana ndiyo inayokata umeme kabla seli hazijaharibika. Seli iliyojaa ina volti 4.2, ikishuka chini ya 3 imekufa au iko njiani kufa.

Kwenye waya mwekundu wa betri weka fyuzi bapa ya gari. Anza na ya ampia 15, ile ya buluu. Ikiungua mlimani wakati hakuna kilichokwama, panda hadi ya 20, ya njano, na uishie hapo. Fyuzi ni rahisi kuliko difu. Weka swichi mahali unapoifikia bila kufungua bodi, na viunganishi vya betri viwe vya XT60, ambavyo umbo lake linazuia kuchomeka kinyume.

Mota ya drili hutoa cheche kwenye brashi, na cheche hizo husumbua mawasiliano ya rimoti. Lehemu kapasita 3 za kauri zenye alama ya 104: moja kati ya vichwa viwili vya mota, na nyingine mbili kutoka kila kichwa hadi kwenye ganda lake. Kwangua ganda kwa tupa kwanza ili risasi ishike.

Sevo ikibanwa hula zaidi ya ampia 2, na vidhibiti vingine haviwezi kuilisha. Dalili yake ni risiva, kile kipokezi cha rimoti, kujizima unapokata kona lori likiwa limesimama. Ukiona hivyo, ongeza kipunguza volti cha pembeni cha volti 5 au 6, ampia 3, na uchomoe waya mwekundu wa kidhibiti kwenye risiva ili vyanzo viwili visigongane.

Rimoti ya 2.4 GHz yenye chaneli 4 inatosha: mwendo, usukani, taa na honi. Jambo moja usilipuuze ni mpangilio wa usalama mawasiliano yakikatika. Uweke ili mwendo urudi sifuri. Lipime hilo ukiwa umeinua magurudumu: bonyeza mwendo kidogo, zima rimoti, na magurudumu yasimame. Kila siku washa rimoti kwanza, kisha lori. Ukimaliza zima lori kwanza.

Kuhusu betri za lithiamu nasema kwa uzito wote. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, kwa mkondo usiozidi ukubwa wa betri. Betri ya mAh 2,200 ipewe ampia 2.2 kwenda chini. Chajia juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, mbali na godoro na mapazia, na usiondoke nyumbani. Betri iliyovimba haina matibabu. Na kama ndugu anakuletea kutoka Dubai au Guangzhou, betri za akiba hupanda ndege kwenye begi la mkononi, ncha zake zimefunikwa, kamwe si kwenye mzigo wa chini.

Lijaribu likiwa uchi

Kabla ya kufunga mota, weka chesisi kwenye sakafu ya vigae, gurudumu la kushoto likigusa mstari wa kigae, uisukume kwa kidole kimoja. Baada ya mita 3 angalia imekwenda wapi. Ikivuta upande, usikimbilie kurekebisha kwa rimoti. Pima umbali wa ekseli hadi ekseli upande wa kushoto na wa kulia. Hapo ndipo kosa hukaa mara nyingi. Rimoti inarekebisha kilichobaki tu.

Kisha funga mota, inua magurudumu, endesha taratibu na usikilize. Giaboksi nzuri huvuma kwa sauti moja. Mlio wa kukwaruza maana yake gia hazijakaa. Mdundo maana yake shafti imepinda. Ukiridhika, lipe lori uzito: funga tofali dogo la mbao au mfuko wa mchanga pale bodi itakapokaa, sehemu kubwa ya uzito juu ya ekseli ya nyuma ili tairi zinazosukuma zishike ardhi. Endesha dakika 10, simama, gusa mota. Kama huwezi kuishika kwa sekunde chache, imezidiwa. Shuka gia au punguza mzigo, usiongeze volti. Gusa na difu. Nusu ya matatizo hujionyesha kwa joto kabla hayajajionyesha kwa sauti.

Vumbi letu ni adui mkubwa. Funga giaboksi kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na uivishe risiva puto, mdomo wake ukifungwa kwa uzi pale waya zinapotoka. Paka grisi kwenye gia zilizofichwa tu. Gia zilizo wazi ziache kavu, kwa sababu grisi na mchanga pamoja husaga chuma.

Bodi haina siri kubwa. Tengeneza kwanza kwa katoni, rekebisha hadi ifanane na picha, kisha hamishia kwenye ubao laini wa plastiki wa mafundi wa mabango au bati la debe la mafuta. Iwe nyepesi juu ili lori lisipinduke kwenye mteremko, na itoke kwa skrubu 4 tu. Taa nyeupe za diodi ukizilisha volti 5 zipe rezista ya omu 150, nyekundu omu 220. Maandishi ya mbele na nyuma ni yako, na usiibe ya lori la mtu mwingine.

Baada ya safari ya kwanza yenye bodi, kaza kila bolti upya, ondoa betri, na uishushe hadi volti 3.8 kwa seli kama hutaendesha kwa siku kadhaa. Betri iliyojaa ikikaa wiki nzima huchakaa bila kufanya kazi yoyote. Mchoro wako wenye vipimo usiutupe: tengeneza nakala, mpe kijana wa mtaani kwako pamoja na vipande vya alumini vilivyobaki, na umwachie alifungue lori lako aone ndani.